Mtihani wa Kujua Kukataa

Wengi hudhani mtihani wa vitendo wa leseni ya rubani binafsi ni mtihani wa mikono. Mtahiniwa anapaa kutoka uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, anapinda ndege kushoto na kulia juu ya nyika za Kajiado, anarudi, anatua bila kudundadunda, na mtahini anatia sahihi. Naandika kama mtu aliyeupitia mtihani huo, na kama mkazi wa Lavington, mtaa ulio kilomita chache tu kutoka uwanja huo, na nadhani picha hiyo inakosea pale hasa penye uzito. Mikono inapimwa, sikatai. Lakini hadi siku ya mtihani mwalimu ameshaipima mara nyingi kuliko mtahini anavyoweza kuipima kwa asubuhi moja. Kinachobaki ni uamuzi, na uamuzi mzito kuliko yote ni ule wa kutoruka kabisa, au wa kugeuza ndege na kurudi wakati safari imeshafika nusu. Anayekwenda Wilson siku hiyo akiwa tayari kwa kila kitu isipokuwa kusema hapana, hajajiandaa.

Tazama masharti yenyewe. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, KCAA, inafuata viwango vya shirika la kimataifa, ICAO. Mwombaji awe ametimiza miaka 17 na ana cheti cha afya cha daraja la pili. Awe amekaa angani saa zisizopungua 40, au 35 kama mafunzo yote ameyapata katika kozi iliyoidhinishwa. Kati ya hizo, saa 10 awe ameruka peke yake, na katika hizo 10 zipo 5 za safari za mbali, ikiwemo moja ya kilomita 270 au zaidi yenye kutua na kusimama katika viwanja viwili tofauti njiani. Mtu aliyesafiri kilomita 270 akiwa na kiti kitupu ubavuni hana haja tena ya kumthibitishia yeyote kwamba anajua kushika usukani. Ndiyo maana siku ya mtihani mpangilio wa mamlaka ndani ya ndege hupinduliwa: mtahiniwa hutakiwa kuamua mambo yote kama rubani kiongozi, na mtahini, mwenye maelfu ya saa angani, hukaa kulia kama abiria mwenye kijitabu. Kanuni za anga za kimataifa zinampa rubani kiongozi neno la mwisho kuhusu chombo chake, na mtihani unataka kuona kama amelipokea neno hilo au bado analisubiri kutoka kwa mkubwa wake.

Hapo ndipo Mkenya hupata taabu ambayo vitabu vya kigeni haviitaji. Tangu darasa la kwanza tumefundishwa kwamba mtahini anajua jibu na kazi yetu ni kulikisia. Tumefundishwa pia, nyumbani kabla ya shuleni, kwamba mkubwa hakatazwi. Sasa umeketi na mtu wa umri wa baba yako, unamwita Captain kwa adabu zote, naye ananyoosha kidole kwenye ramani na kuuliza kwa upole kama mngeweza kupitia upande ule kwa kuwa ni karibu zaidi. Huenda ameuliza kwa sababu njia ile ni salama, au kwa sababu si salama na anataka kuona utafanya nini. Usoni pake hutasoma lolote. Ukimya wake si idhini, na swali lake si amri. Mtahiniwa anayejibu "sawa, Captain" kabla ya kutazama ramani ameshaonyesha jambo ambalo kutua kwa ulaini hakutalifuta. Sisemi adabu ni kasoro. Nasema kuna adabu ya kusema, "Samahani, Captain, huko hatuendi, na sababu ni hii," na mwalimu asiyeifundisha amemwachia mwanafunzi wake pengo.

Uwanja wa Wilson wenyewe unalifanya somo hili kuwa gumu kuliko lilivyo pwani au Ulaya. Uko futi 5,536 juu ya usawa wa bahari. Kwa hesabu ya hewa ya kawaida ambayo marubani wote duniani huitumia, kimo hicho kingepaswa kuwa na joto la nyuzi 4 hivi. Adhuhuri ya Februari Nairobi ina nyuzi 27. Kila nyuzi inayozidi huongeza kama futi 120 kwenye kimo ambacho ndege inakihisi, na ukipiga hesabu unaona kwamba ndege iliyosimama Wilson, matairi yakiwa yamegusa lami, inapumua hewa ya zaidi ya futi 8,000. Injini isiyo na kifaa cha kuisukumia hewa hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila futi elfu, kwa hiyo Cessna 172 ya zamani, ambayo kitabu chake kinaipa nguvu farasi 160, inaondoka hapo na 120 au pungufu. Mabawa nayo yanahitaji mwendo mkubwa zaidi juu ya ardhi, zaidi ya asilimia 10 juu ya ule wa pwani, ingawa mshale wa kasi unasoma namba ileile. Hata desturi ya kuacha mafuta yatiririke kwa wingi wakati wa kupaa, inayofaa kabisa Malindi, hapa inaisonga injini. Ni lazima rubani ayapunguze kabla ya kuachia breki.

Sasa weka watu ndani. Ndege ina viti vinne, na viti vinne ni kishawishi. Kabla hata ya kwenda kuikagua ndege, mtahini anaweza kuuliza, kama mtu anayepiga soga, iwapo mngeweza kuondoka saa saba mchana mkiwa watu wazima wanne na matangi yamejaa. Jibu linapatikana kwenye majedwali ya uzito na ya urefu wa kukimbia kabla ya kupaa, na mara nyingi ni hapana: mmoja abaki, au mafuta yapunguzwe, au muondoke saa moja asubuhi hewa ikiwa bado baridi. Hapa hakuna ustadi wa mikono hata kidogo. Kuna mtu, karatasi, penseli, na ujasiri wa kumwambia binamu aliyekwisha vaa miwani ya jua kwamba leo hana kiti. Mtahini hamwoni huyo binamu, lakini ndiye anayemuulizia.

Nije Lavington, maana jambo linalofuata linawahusu wasioruka kuliko wanaoruka. Katika kila mtihani wa aina hii mtahini huirudisha chini nguvu ya injini ghafla na kusema imezimika. Cessna 172 bila injini huteleza mbele kama mita tisa kwa kila mita moja inayoshuka. Sheria za anga zinakataza kupita juu ya mji chini ya futi 1,000 kutoka kilele cha kizuizi kirefu kilicho ndani ya mita 600, na futi hizo 1,000, hata ukiziteleza bila kosa, hazifiki kilomita tatu. Mapadre wa St. Austin's walipofika hapa mwaka 1899 walipanda kahawa, na rubani wa zamani ambaye injini ingemkatikia juu ya mashamba yao angeharibu miche na pengine magurudumu. Leo chini yake kuna maghorofa ya James Gichuru na Gitanga Road, shule, na mabati ya Kawangware yaliyobanana bila hata kichochoro cha mkokoteni. Palipo wazi ni viwanja vichache vya gofu, uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Road, na mbuga ya taifa upande wa pili wa Wilson.

Mikono mizuri haifui dafu mbele ya ramani hiyo. Rubani hodari kuliko wote, akikatikiwa na injini futi 1,000 juu ya Kawangware, ana machaguo mabaya tu ya kuchagua. Chaguo jema lilikuwepo dakika tano nyuma, alipoamua apitie wapi na kwa kimo gani, wakati injini ilikuwa ikiimba vizuri na hakuna aliyekuwa akimuuliza. Hivyo zoezi la injini kuzimika, ambalo watahiniwa hulisomea kwa kukariri hatua (kasi, mahali pa kutua, swichi ya mafuta, redio), kwa kweli linaanza pale njia inapochorwa. Mtahini makini haangalii tu kama umeufikia uwanda uliouchagua. Anaangalia kama ulikuwa na uwanda wa kuchagua. Mkazi wa Lavington asiyejua lolote kuhusu mabawa ana haki ya kutaka jambo hilo lipimwe kwa ukali, kuliko ulaini wa kutua, ambao faida yake kubwa ni kwa kiuno cha abiria.

Hali ya hewa inaipa hoja hii ushahidi wake mzito. Kuanzia Juni hadi Agosti mawingu ya Nairobi hulala chini asubuhi, na vilima vya Ngong, ambavyo kilele chake kinapita mita 2,400, huvaa ukungu hadi saa nne au saa tano. Leseni ya rubani binafsi, bila nyongeza ya kurukia vyombo, inamruhusu mtu kuruka akiona tu. Mwaka 1954 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliwachukua watu 20 wasio na mafunzo ya kuruka kwa vyombo na kuwafanya wasione nje. Wote 20 walipoteza udhibiti wa ndege, na muda wao wa wastani ulikuwa sekunde 178. Hazifiki dakika tatu. Sikio la ndani la binadamu humdanganya kwamba yuko sawa huku bawa limeinama, na anayeuvuta usukani kwa nguvu hukaza tu mzunguko wa kuelekea chini. John F. Kennedy mdogo alikuwa na leseni ya rubani binafsi na saa kama 310 alipoangukia baharini karibu na Martha's Vineyard tarehe 16 Julai 1999. Wachunguzi walihitimisha kwamba gizani juu ya maji alipoteza hisi ya juu na chini. Ndege yake ilikuwa nzima.

Ndiyo maana mtihani una zoezi la kugeuka nyuzi 180 kwa kutazama vyombo pekee. Ni zoezi la kutoka mawinguni ulimoingia kwa bahati mbaya, na mwenye kulifaulu akadhani amepata ruhusa ya kuingia hajalielewa. Hapa mtu anaweza kuniuliza: mbona nchi hii imepoteza ndege mikononi mwa marubani wenye mafunzo makubwa zaidi ya haya? Tarehe 10 Aprili 2006 ndege ya kijeshi aina ya Y-12 iligonga kilima karibu na Marsabit katika hali mbaya ya hewa, na watu 14 wakafa, wabunge wakiwemo, wakiwa katika safari ya kuleta amani. Tarehe 5 Juni 2018 ndege ya abiria iliyotoka Kitale iligonga milima ya Aberdare na wote 10 waliokuwemo wakafariki. Kama saa elfu za uzoefu hazikutosha, saa 40 na asubuhi moja na mtahini zitafanya nini? Sina mamlaka ya kuwahukumu marubani wale, na sifanyi hivyo. Lakini swali lenyewe linathibitisha kwamba saa nyingi hazileti usalama kwa wingi wake peke yake. Mazoea ya kugeuka mapema yanapaswa kuota mizizi kabla ya sare, kabla ya abiria wakubwa na ratiba. Mtihani wa rubani binafsi ndio mlango wa kwanza ambapo mtu wa nje anaweza kuangalia kama yameota.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Florence Kerr Wilson alipoanzisha Wilson Airways mwaka 1929, na Beryl Markham alipojifunza kuruka chini ya Tom Campbell Black mwanzoni mwa miaka ya 1930, mtihani wa leseni ya mwanzo katika himaya ya Uingereza ulikuwa kweli wa mikono: kuchora umbo la nane angani, kushuka na kutua karibu na alama bila msaada wa injini. Ulifaa wakati wake, maana ndege zenyewe zilikuwa ngumu kuzitawala. Ndege zimekuwa rahisi, anga imejaa, na mitihani imebadilika pole pole kuifuata hali hiyo. Mwezi Juni 2016 Marekani ilibadili viwango vyake vya mtihani wa rubani binafsi ili kila zoezi lipimwe kwa mambo matatu: unajua nini, umeitambuaje hatari, na unafanyaje. Jambo la pili ndilo jipya kimaandishi, ingawa watahini wazuri wa Wilson, kama wazuri wa popote, walikuwa wakilipima bila kuamriwa. Linganisha na mtihani wetu wa kuendesha gari, ambao kwa miaka mingi umemsimamisha mtu mzima mbele ya mji wa mbao ulio juu ya meza, akisukuma kigari cha kuchezea kuzunguka kiplefiti. Alama za barabarani anazijua zote. Kama ataendesha usiku wa mvua Waiyaki Way akiwa na usingizi kwa sababu shangazi anasubiri Nakuru, hilo meza haiulizi.

Pingamizi la kwanza la maana ni kwamba busara haipimiki kwa siku moja, na inaigizwa. Mtahiniwa mjanja atakariri maneno ya tahadhari kama alivyokariri Biolojia ya KCSE, atageuza ndege mbele ya kila wingu dogo, na wiki ijayo, akiwa na leseni mfukoni, atapita bonde la ufa chini ya mawingu akiwaonyesha marafiki swala. Ni kweli kiasi. Lakini kuigiza busara kwa saa mbili mfululizo, huku mtahini akikubadilishia uwanja wa kwendea katikati ya njia, akikuzimia injini na kukuuliza mafuta yamebaki ya dakika ngapi, si kazi ya maneno ya kukariri. Mwenye kukariri hujulikana kwa jambo moja: anatoa jibu lilelile kwa hali mbili tofauti. Anayekataa kila kitu amefeli vilevile kama anayekubali kila kitu, kwa kuwa wote wawili hawakuangalia nje. Kukataa ninakokusifu kuna sababu inayoweza kutajwa kwa namba: mawingu yako futi kadhaa, kilima kiko futi kadhaa, kati yao hapatoshi.

La pili ni kwamba ajali nyingine hazina uhusiano na ujasiri wa kusema hapana. Tarehe 5 Machi 2024 Cessna 172 ya mafunzo na ndege ya abiria aina ya Dash 8 iliyokuwa na watu 44 ikielekea Diani ziligongana juu ya mbuga ya Nairobi. Mwalimu na mwanafunzi waliokuwa ndani ya Cessna walifariki, na ile kubwa ikarudi Wilson salama. Nakubali pingamizi hili bila kulipunguza. Wilson inachanganya shule za urubani, ndege za watalii na ndege za wagonjwa kwenye njia mbili zinazokatana, huku Jomo Kenyatta na kambi ya kijeshi ya Eastleigh zikiwa jirani. Kumtaka mtahiniwa awe na busara hakuiondolei serikali wala waongozaji wa ndege wajibu wa kutenganisha njia za wanaojifunza na za wanaosafirisha watu. Mtihani unapima mtu mmoja. Anga ni ya wengi, na ina mtihani wake ambao wengine wanapaswa kuufanya.

Lakini pingamizi linalonisumbua zaidi ni la fedha. Ni rahisi kwa mtu wa Lavington kuhubiri kukataa, atasema msomaji wa Umoja au Kayole, kwa kuwa yeye akiahirisha mtihani leo atalipa tena wiki ijayo bila kuuza kitu. Kijana ambaye familia imechanga kama wanavyochanga harusi, ndege akiilipia kwa saa na mafuta yakipanda bei, anaangalia vilima vya Ngong vilivyofunikwa na kuona karo ya mdogo wake. Kumwambia awe jasiri ni kumtwika yeye gharama ya usalama wetu sote. Pingamizi hili lina haki, na halijibiwi kwa mawaidha. Linajibiwa kwa namna ada zinavyopangwa. Mtahiniwa aliyefika kwa wakati, akachukua taarifa ya hali ya hewa, akafanya hesabu zake na kuamua kutoruka, ameshafanya sehemu ya mtihani, na sehemu hiyo iandikwe kwenye fomu kwamba ameifaulu ili asirudie kuilipia. Shule nayo ieleze katika mkataba wa siku ya kwanza kwamba siku ya mtihani iliyoahirishwa kwa sababu ya hewa au uzito haina malipo ya ndege, na gharama ya siku hizo igawanywe katika karo ya wanafunzi wote. Karo itapanda kidogo. Anayetoka Lavington hataihisi nyongeza hiyo, na anayetoka Kayole ataijua kabla hajaanza kuchanga, badala ya kuikuta asubuhi ya mtihani ikiwa imesimama kati yake na uamuzi wake.